Mji wa Kungojea Merikebu

Mwaka 1483, mbele ya mlango mkuu wa Kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice, zilisimamishwa bendera mbili nyeupe zenye msalaba mwekundu. Kila moja ilikuwa tangazo la merikebu: ya kwanza ya Pietro Lando, ya pili ya Agostino Contarini, zote zikijiandaa kuwavusha mahujaji hadi Jaffa, bandari ya Nchi Takatifu. Chini ya bendera hizo walisimama watumishi wa mabwana hao wawili, na kazi yao ilikuwa kumwahi kila mgeni aliyeonekana anakwenda hija kabla hajaangukia mikononi mwa upande wa pili. Padri Felix Fabri, mtawa Mdominiko wa mji wa Ulm huko Ujerumani, alikuwa miongoni mwa walioandamwa, na ameeleza jinsi watumishi hao walivyopakana matope, kila mmoja akimsifu bwana wake na kumponda wa mwenzake. Mahujaji walipopelekwa kwa mashua kuikagua merikebu, walikirimiwa divai ya Krete na vitamutamu vya Aleksandria. Yeyote aliyewahi kushuka bandarini Zanzibar akazingirwa na papasi, vijana wanaowaandama wageni, atawatambua watu hao mara moja, ingawa papasi hawagawi divai.

Siku hizi Venice huzungumzwa kama mji ulioelemewa na watalii, na mshitakiwa wa kwanza huwa meli kubwa ya kitalii: ile inayozunguka Bahari ya Adria na visiwa vya Ugiriki, ikapita Dubrovnik, Kotor na Corfu, kisha siku ya mwisho ikawashusha abiria wautazame mji upesi upesi kabla ya kukimbilia uwanja wa ndege. Shitaka hilo lina ukweli mwingi. Tatizo ni kwamba linawafanya watu wadhani biashara ya kuwatembeza wageni ilikuja na meli hizo, hali Venice imekuwa ikiifanya kwa zaidi ya miaka 700, kwa sheria zake na maofisa wake. Kilichogeuka ni mahali pa mji katika safari. Fabri na wenzake waliikuta Venice mwanzoni, na ikawabidi wangoje. Abiria wa leo huikuta mwishoni, wakati siku za likizo zimekwisha na mizigo imeshafungwa.

Kungoja kwa mahujaji kulikuwa na sababu zake. Merikebu za Jaffa zilifuata pepo, zikafuata kalenda ya Kanisa, na zikafuata amri za Seneti ya Venice, iliyotaka kila chombo kikaguliwe kabla ya kung'oa nanga. Desturi ilikuwa kuondoka baada ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni. Mgeni aliyevuka milima ya Alpi mapema, akiogopa kuachwa, alijikuta ana wiki kadhaa za kukaa bure. Fabri alikaa kwa zaidi ya mwezi mmoja. Pietro Casola, padri wa Milano aliyesafiri mwaka 1494, alifika mwezi wa Mei na kuondoka mwanzoni mwa Juni, na hata yeye ilimbidi angoje.

Wiki zote hizo mtu alikula, alilala, alinunua. Wajerumani walifikia katika nyumba ya wageni ya Mtakatifu George, ambako Fabri anasema mwenye nyumba, mkewe na watumishi wote walizungumza Kijerumani na hapakusikika neno la Kiitaliano. Hata mbwa wa nyumba alikuwa wa upande wao. Alikuwa mbwa mkubwa mweusi, aliyemtikisia mkia kila Mjerumani, tajiri kwa maskini, na kumrukia kwa hasira Mwitaliano au Mfaransa aliyesogelea mlango. Fabri aliliona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kulijadili kama suala la falsafa. Msomaji wa leo ataona zaidi ujanja wa kibiashara: hoteli ya Wajerumani yenye mbwa wa Wajerumani, katikati ya mji wa ugenini.

Serikali ya Venice haikuwaachia watumishi wa merikebu na wenye nyumba za wageni biashara hii peke yao. Tangu karne ya 13 ilitunga kanuni kuhusu mahujaji, na baadaye ikawaweka chini ya maofisa walioitwa Cattaveri. Hao ndio waliowasimamia tholomarii, watembeza wageni wenye kibali cha dola. Tholomarii walipangiwa zamu katika Uwanja wa Marko na sokoni Rialto. Kazi yao ilikuwa kumpokea mgeni, kumtafutia malazi, kumpeleka kwa mbadilisha fedha asipunjwe, kumsaidia kununua godoro na vyakula vya safarini, na kusimama naye wakati wa kufunga mkataba na mwenye merikebu. Bahashishi waliruhusiwa kupokea. Kula njama na wenye maduka walikatazwa. Kwamba katazo hilo lilirudiwa tena na tena kwa miaka mingi ni dalili tosha kwamba halikuwa likifuatwa sana.

Mkataba nao ulikuwa kitu cha kustaajabisha. Kwa malipo ambayo mwishoni mwa karne ya 15 kwa kawaida yalikuwa kati ya dukati 30 na 60 za dhahabu, mwenye merikebu aliahidi kumpeleka hujaji na kumrudisha, kumlisha chakula cha moto mara mbili kwa siku, kumlipia ushuru na hati za usalama katika nchi ya Wamamluki, watawala wa Misri na Palestina wa wakati huo, na hata kumlipia punda wa kupanda kutoka Jaffa kwenda Yerusalemu. Kila kitu ndani ya bei moja. Hujaji aliyedhulumiwa aliweza kurudi Venice na kushitaki, na mahakama zilisikiliza. Kampuni za meli za leo, zinazojisifu kwamba mteja akishalipa haguswi tena mfuko, ni wanafunzi wa darasa la nyuma sana.

Na kungoja ndiko kulikouzalisha utalii wa mji. Mahujaji waliotoka kwao kwa ajili ya Kaburi Takatifu hawakuwa na la kufanya, kwa hiyo walizunguka. Fabri na wenzake walijipangia kanisa kwa kila siku, wakatazama masalia ya watakatifu ambayo Venice ilikuwa imeyakusanya kwa ununuzi na kwa uporaji, hasa baada ya Vita vya Msalaba vya 1204 vilivyoiteka Konstantinopoli. Walikwenda Murano, kisiwa ambacho matanuri ya kioo yalihamishiwa kwa amri ya mwaka 1291 kwa kuogopa moto. Walitembezwa Arsenali, karakana kubwa ya dola ambako merikebu zilitengenezwa na kuhifadhiwa. Waliokuwapo siku ya Kupaa Bwana walimwona Doji, mkuu wa jamhuri, akitoka na merikebu yake ya dhahabu, Bucintoro, hadi mlango wa bahari wa Lido, akatupa pete majini kuifunga ndoa ya mji na bahari. Baada ya hapo yalifuata maonyesho ya biashara ya siku kadhaa katika Uwanja wa Marko, na bila shaka mahujaji hawakutoka hapo mikono mitupu.

Casola ndiye wa kufurahisha zaidi. Anaanza kwa kulalamika kwamba Venice imeshasemwa na kuandikwa mno, hata hakuna kilichobaki cha kuongeza. Huo ni mwaka 1494. Kisha anaandika ukurasa baada ya ukurasa: maghala ya viungo na hariri, bei za vyakula, uhaba wa maji ya kunywa katika mji uliozungukwa na maji, na wanawake wa kitajiri waliofunua mabega kupita kiasi alichokiona padri wa Milano kuwa cha staha. Siku ya maandamano ya Ekaristi, yeye na mahujaji wenzake walikabidhiwa mishumaa na kupangwa mmoja mmoja kando ya makabaila wa Venice, kila mgeni na mwenyeji wake, wakatembea pamoja mbele ya watu wote. Dola iliwafanya wageni sehemu ya sherehe yake. Ilikuwa fahari, na ilikuwa matangazo pia: watu hao wangerudi makwao Ujerumani, Ufaransa na Uingereza wakiwa na la kusimulia.

Biashara hiyo ilififia karne ya 16. Waturuki wa Uthmania waliiteka Palestina na Misri mwaka 1516 na 1517, na muda si mrefu sehemu kubwa ya Ulaya ya Kaskazini ikawa ya Kiprotestanti na kuacha hija. Pigo la pili lilitoka mbali zaidi, na pwani ya Waswahili ilihusika. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapata rubani wa kumvusha hadi Calicut, na ndani ya miaka michache pilipili ya India ikaanza kushuka Lisbon bila kupitia mikono ya Wavenice. Mfanyabiashara Girolamo Priuli, aliyekuwa akiandika shajara, alipozipata habari hizo mwaka 1501 alizihesabu kuwa mbaya kuliko zote ambazo jamhuri yake ingeweza kupata. Alikuwa na haraka kidogo, maana biashara ya viungo ya Venice ilifufuka kwa muda, lakini mwelekeo aliuona sawasawa.

Mji uliokuwa ukipoteza bidhaa za kuuza ulizidi kujiuza wenyewe. Mwaka 1581 Francesco Sansovino alichapisha kitabu kinene cha kuieleza Venice mtaa kwa mtaa, kanisa kwa kanisa, kikawa msingi wa vitabu vya wageni kwa vizazi. Mwaka 1608 Mwingereza Thomas Coryat alifika, sehemu kubwa ya njia akiwa kwa miguu, akakaa kama wiki sita, akahesabu, akapima na kuandika kila kitu, pamoja na mazungumzo yake na kahaba mashuhuri ambayo alishikilia kwamba yalikuwa ya maadili tu. Kanivali ilirefushwa hata wageni wakaweza kuvaa barakoa kwa miezi. Mwaka 1638 dola ilifungua nyumba ya kamari, Ridotto, ikakusanya kodi humo hadi aibu ilipoifanya iifunge mwaka 1774. Vijana wa kitajiri wa Uingereza waliozunguka Ulaya kukamilisha elimu yao walikaa miezi, wakaondoka na michoro ya Canaletto ya mifereji na makasri. Joseph Smith, konseli wa Uingereza aliyekuwa pia dalali wa mchoraji huyo, aliuza karibu mkusanyo wake wote kwa Mfalme George wa Tatu mwaka 1762.

Bidhaa moja, hata hivyo, Venice haikuacha kuiuza nje, na huko Afrika Mashariki ilijulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la mji huo. Ni shanga. Katika karne ya 19 shanga za kioo za Murano zilifika Zanzibar kwa marobota, zikapanda bara na misafara hadi Tabora na Ujiji, zikitumika kama fedha. Richard Burton alitaja aina zipatazo 400. Henry Morton Stanley, alipojiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, aliumiza kichwa dukani Zanzibar akijifunza nani anapokea nini: Wanyamwezi walipenda samesame, shanga nyekundu, zile nyeusi zilipita Ugogo peke yake, sungomazi, zilizofanana na mayai, zilikuwa na thamani Ujiji na kukataliwa kwingine. Msafara uliokosea rangi ulikufa njaa ukiwa na mizigo mabegani.

Upande wa pili wa biashara hiyo ulikuwa milangoni mwa nyumba za Castello na Cannaregio, mitaa ya makabwela wa Venice. Wanawake walioitwa impiraresse walikaa nje na sinia la mbao mapajani, wakatumbukiza fungu la sindano ndefu ndani ya shanga na kuzitunga kwa mamia kwa mpigo mmoja. Malipo yalikuwa ya kijungujiko, na mwaka 1904 waligoma. Watalii wa Kiingereza na Kimarekani waliwapita, wakawaona wa kupendeza na kuwachora. Wachache sana kati yao walijua kwamba kazi iliyokuwa mapajani mwa wanawake hao ilikuwa ikielekea kwenye masoko ya Afrika.

Lakini wakati huo mgeni wa Venice alikuwa ameshabadilika. Jamhuri ilianguka tarehe 12 Mei 1797 mbele ya jeshi la Napoleon, na miezi michache baadaye Wafaransa wakaichoma Bucintoro wapate dhahabu yake. Waustria walioutawala mji baadaye waliuunganisha na bara kwa daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1846, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Kwa mara ya kwanza tangu mji ujengwe, mtu aliweza kufika bila kupanda chombo. John Ruskin, Mwingereza aliyeyachora na kuyapima majengo ya Venice jiwe kwa jiwe, alilichukia daraja hilo kwa dhati. Alijua linaleta nini: watu wenye ratiba.

Watu hao walikuja. Kitabu cha mwongozo cha Murray kuhusu Italia ya Kaskazini kilitoka mwaka 1842, na mwaka 1864 Thomas Cook akaanza kuongoza makundi hadi Italia. Charles Lever, mwandishi wa riwaya aliyekuwa pia ofisa wa konseli ya Uingereza huko Italia, alichukizwa kiasi cha kueneza porojo kwamba makundi ya Cook ni wafungwa waliokataliwa Australia na sasa serikali inawamwaga Ulaya. Cook alikasirika, akajibu hadharani, na biashara yake ikazidi kukua. Mwaka 1881 boti ya kwanza ya mvuke ilianza kusafirisha abiria katika Mfereji Mkuu, na waendesha gondola wakagoma, wakidai inawanyang'anya riziki. Boti zilibaki. Gondola, zilizokuwa usafiri wa kawaida, zikaanza kuwa burudani ya mgeni anayelipa kwa nusu saa.

Kuna kipindi kimoja kifupi ambacho Venice ilikuwa kituo cha mwisho kwa namna iliyowagusa wakazi wa Mombasa na Dar es Salaam. Miaka ya 1950 na 1960 kampuni ya Lloyd Triestino iliendesha meli mbili pacha zilizoanza kazi mwaka 1952, Africa na Europa, kati ya Adria na Cape Town kupitia Mfereji wa Suez na pwani ya Afrika Mashariki. Zilibeba walowezi, wamisionari, maofisa wanaokwenda likizo, na mizigo. Abiria aliyepanda Kilindini alipita Bahari ya Shamu na Port Said, kisha baada ya siku kadhaa za maji matupu akauona mnara wa Mtakatifu Marko ukichomoza kutoka kwenye laguna, yale maji mafupi ya chumvi yanayotengwa na bahari kwa visiwa vyembamba. Kwa wengi mji ulikuwa mahali pa kushuka na kutafuta treni. Ndege za jeti zikaimaliza njia hiyo, kama zilivyozimaliza nyingine zote za aina yake.

Meli zilizofuata hazikuwa na haja ya kumfikisha mtu popote. Mwaka 1997 iliundwa kampuni ya kusimamia kituo cha abiria cha Venice, katika bandari ya zamani ya Marittima, wakati abiria wa meli za kitalii walipokuwa kiasi cha 300,000 kwa mwaka au pungufu. Kufikia mwaka 2011 walikuwa karibu 1,800,000. Venice ilifaa kwa sababu ina uwanja mkubwa wa ndege karibu, kwa hiyo safari nyingi zilianzia au kuishia hapo. Na njia ya kuingilia ilikuwa yenyewe kivutio: meli ilipita mlango wa Lido, ikasogea taratibu mbele ya Uwanja wa Marko, ikaingia Mfereji wa Giudecca. MSC Divina, yenye urefu wa mita 333, iliyafunika mapaa ya Ikulu ya Doji kama ghorofa linalotembea. Abiria waliosimama sitahani waliutazama mji kwa juu na kupiga picha, nao wakaao chini wakapoteza jua kwa dakika kadhaa.

Hapo ndipo mambo yalipofikia ukomo wake. Hujaji wa mwaka 1494 alikaa wiki kadhaa na kutembea bega kwa bega na mwenyeji wake katika maandamano. Abiria wa mwaka 2011 aliweza kusema ameiona Venice kabla hajashuka melini. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Venice ilikuwa imepata wageni ambao hawakuifikia hata hiyo siku ya pili.

Wakazi waligawanyika, na si haki kuwasimulia kana kwamba wote walikuwa upande mmoja. Kwa wapagazi, mawakala, wauza vyakula vya melini na madereva wa boti za teksi, bandari ilikuwa kazi. Wengine walianzisha kamati ya kupinga meli kubwa, wakajaza Mfereji wa Giudecca kwa vijiboti vyao na kuzizuia meli kwa mabango na filimbi. Januari 2012 meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba katika kisiwa cha Giglio na watu 32 wakafa, serikali ilitoa amri ya kuzizuia meli za zaidi ya tani 40,000 kupita mbele ya Uwanja wa Marko, lakini ikaiahirisha mpaka njia nyingine ipatikane, na njia haikupatikana. Juni 2017 wakazi wapatao 18,000 walipiga kura isiyo rasmi, na karibu wote walitaka meli zitoke kwenye laguna.

Kisha tarehe 2 Juni 2019 meli ya MSC Opera, yenye urefu wa mita 275, ilishindwa kujizuia ikitoa honi mfululizo, ikagonga gati la San Basilio na boti ya watalii iliyokuwa imefungwa hapo, River Countess. Watu kadhaa walijeruhiwa. Video zake zilizunguka dunia siku ileile. Bado ilichukua miaka miwili, na tishio la UNESCO la kuuweka mji kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kabla serikali ya Italia haijapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Agosti 2021: meli ya zaidi ya tani 25,000, au yenye urefu wa zaidi ya mita 180, haipiti tena Giudecca.

Wakati meli zikijadiliwa, wenyeji walikuwa wakiondoka. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Katika dirisha la duka la dawa karibu na daraja la Rialto kumewekwa tangu mwaka 2008 ubao wa tarakimu unaoonyesha idadi ya wakazi waliobaki. Novemba 2009, idadi ilipoanguka chini ya 60,000, wanaharakati walifanya mazishi ya mji: jeneza likapitishwa Mfereji Mkuu kwa boti. Meli si chanzo pekee cha kuhama huko, wala si kikubwa kuliko vyote. Nyumba zilizogeuzwa za kupangisha wageni kwa siku, mafuriko, bei, na ajira zilizohamia Mestre upande wa bara zilifanya kazi hiyo kimyakimya kwa miaka mingi zaidi.

Halmashauri ilipoamua kutoza kiingilio, ilimlenga mtu mmoja mahususi. Kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, katika siku 29 zilizochaguliwa, kila aliyeingia mji wa kale kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni alilipa euro 5, isipokuwa waliosamehewa, kama yule anayelala mjini, ambaye tayari hulipa kodi ya hoteli. Mwaka 2025 siku zikaongezwa kuwa 54, na aliyechelewa kujiandikisha akalipa euro 10. Makundi ya watalii yamewekewa kikomo cha watu 25, na vipaza sauti vya waongozaji vimekatazwa. Maofisa wa Cattaveri wangelielewa katazo hilo, ila wangeshangazwa na kodi inayomtoza mgeni kwa kosa la kuondoka mapema.

Meli zenyewe hazijaikimbia Adria. Nyingine hufunga Marghera, bandari ya viwanda iliyo ndani ya laguna. Nyingine hushusha watu Trieste, au Ravenna, kilomita 140 hivi kusini, na jina la Venice likabaki kwenye ratiba likiwa limeandamana na jina la bandari halisi. Abiria anayeamkia Ravenna siku ya mwisho hupewa basi la zaidi ya saa mbili kila upande, kupitia barabara ya Romea kandokando ya vinamasi vya mto Po. Ni vinamasi ambavyo Dante Alighieri alivipitia mwaka 1321 akirudi kutoka Venice alikotumwa kuwa mjumbe wa mtawala wa Ravenna. Alifika na homa, akafa mwezi wa Septemba, na kaburi lake liko Ravenna hadi leo. Mji huo ulikuwa makao ya watawala wa Roma ya Magharibi tangu mwaka 402, na majengo yake manane ya Ukristo wa kale yako kwenye orodha ya UNESCO. Ndani ya Kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, Kaisari Justiniani na mkewe Theodora wamesimama ukutani kwa vipande vya kioo na dhahabu, umbali wa safari fupi ya teksi kutoka gatini. Abiria wa mabasi ya Venice huondoka mapema, mara tu baada ya kifungua kinywa.